Ghala Moja, Bima Mbili: Milioni 112.5 Zilizozuia Milioni 500

Kisa hiki nilikishughulikia nikiwa mkadiria hasara, yaani mtu anayeteuliwa na kampuni ya bima kuipima hasara, jijini Dar es Salaam. Majina nimeyaondoa, mahali nimepaficha, na tarakimu nimezibadili zote kwa kipimo kimoja ili uwiano wake ubaki ulivyokuwa, maana hesabu ndiyo kiini cha kisa chenyewe. Kampuni za bima nitaziita A, B na C.

Usuli

Mwenye mali ni mama anayeuza vitenge na mashuka kwa jumla. Duka liko Kariakoo, lakini mzigo mkubwa ulikaa kwenye ghala la kupanga, pembeni kidogo ya jiji, pamoja na mizigo ya wafanyabiashara wengine. Alikuwa na mkopo wa benki wa shilingi milioni 600, na dhamana yake ilikuwa stoku ya ghalani. Benki ilitaka dhamana hiyo iwe na bima, ikamkatia kwa Kampuni A, na ada ikakatwa moja kwa moja kwenye akaunti yake. Kima cha bima, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni ingelipa, kikawekwa milioni 600, sawasawa na mkopo. Hakuna aliyeuliza mali yenyewe ina thamani gani. Jambo hili nalikuta mara nyingi sana: benki inajilinda yenyewe, halafu mteja anaamini amelindwa yeye.

Mkataba wa A ulikuwa na kipengele cha uwiano, kile ambacho ofisini wengi hukiita avareji. Maana yake ni kwamba ukikata bima ya nusu ya thamani ya mali, kwa kila hasara utalipwa nusu tu, hata kama hasara yenyewe ni ndogo kuliko kima cha bima.

Mwaka uliofuata wakala wa Kampuni B alimfuata mama dukani. Akamweleza kwamba mzigo wote hauwezi kuungua kwa mpigo, kwa hiyo haina haja ya kulipia bima ya thamani yote. Akamuuzia bima ya hasara ya kwanza, yenye kikomo cha milioni 400. Bima ya namna hii hailipi kwa uwiano. Inalipa hasara shilingi kwa shilingi mpaka ifike kikomo, ilimradi mteja ametaja kwa uaminifu thamani ya mali yote. Mama alitaja milioni 1,300.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alikata bima ya pili juu ya mali ileile. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Mwanangu, ile ni bima ya benki. Yangu ni hii." Ada ya ile "ya benki" alikuwa akiilipa yeye kila mwaka.

Mikataba yote miwili ilikuwa na kipengele cha uchangiaji: mali ikiwa na bima nyingine, kampuni italipa fungu lake tu. Kipengele hiki kina uzito. Bila hicho, kanuni ya zamani ni kwamba mwenye bima mbili anaweza kuidai kampuni yoyote anayoitaka mpaka hasara yake iishe, halafu kampuni zenyewe zitajuana. Jaji Mansfield aliliweka hivyo London mwaka 1758, katika kesi ya Godin dhidi ya London Assurance: mteja apate fidia moja kamili, na watoa bima wagawane mzigo. Kipengele cha uchangiaji kinaugeuza mpango huo. Mteja sasa analazimika kuzifuata kampuni zote, na kila moja inaweza kukaa ikimsubiri mwenzake aanze.

Moto na wiki za kwanza

Moto ulianza usiku wa Jumamosi kwenye chumba cha walinzi, ambako nyaya za umeme zilikuwa zimeungwaungwa. Ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ilitaja hitilafu ya umeme. Upande mmoja wa stoku ya mama uliungua kabisa, na mwingine ukaloa maji ya kuzimia moto na kushika moshi. Sehemu kubwa zaidi ilinusurika.

Jumatatu asubuhi mama alitoa taarifa kwa wakala wa B. Kwa A hakupeleka neno, kwa sababu ile ilikuwa bima ya benki. Benki nayo ilidhani mteja ameshatoa taarifa. A ilisikia habari za moto siku ya 19.

B ilituteua sisi. A ilipopata taarifa ikateua wakadiria wake, na kwa mwezi mzima kukawa na timu mbili zinazohesabu marobota yaleyale. Daftari la ghala lilikuwa limeungua, kwa hiyo stoku ikabidi tuijenge upya: nyaraka za forodha kwa kilichoingia, risiti za mashine ya EFD kwa kilichouzwa, na hesabu ya mkono kwa kilichosalia. Mama alidai kwa bei ya kuuzia. Nilimweleza kwamba bima inamrudisha alipokuwa kabla ya moto na haimlipi faida ambayo hajaiuza bado, kwa hiyo tunatumia gharama ya kuufikisha mzigo ghalani, bila VAT (kodi ya ongezeko la thamani) anayorudishiwa na TRA, mamlaka ya mapato. Hakufurahi, ila alilielewa.

Hesabu iliyokubaliwa mwishoni na timu zote mbili ilikuwa hii: thamani ya stoku kabla ya moto milioni 1,250, uharibifu milioni 540, mabaki yaliuzwa kwa milioni 40, hasara halisi milioni 500. Kiasi cha kujibebea mteja nimekiweka kando ili hesabu isionekane ngumu kuliko ilivyo.

Mzigo ulioloa

Kuhusu mabaki lazima niseme zaidi, kwa kuwa hapo ndipo fedha zilipotea bila moto wowote.

Siku ya tano tulifungua robota moja la vitenge lililoloa. Kwa nje lilikuwa zima. Ndani lilikuwa na joto kama la unga uliolowa na kufunikwa, na ukungu mweupe ulikuwa umeshaanza kwenye mikunjo. Jora za juu zilikuwa zimechujia rangi za chini. Mnunuzi tuliyemwita siku hiyo alisema angechukua yote yaliyoloa kwa milioni 70, kama yangetolewa ndani ya wiki hiyo, yakafunguliwa na kuanikwa.

Niliomba idhini ya kuuza. B ikasema haiwezi kuidhinisha peke yake, maana huenda mabaki yana mwenye haki mwingine. A ilikuwa bado haijajua kama kuna moto. Ilipojua, ikasema isijihusishe na mabaki kabla haijakubali kwamba inadaiwa, isije ikaonekana imeshakubali madai. Kila barua ilikuwa na mantiki yake. Vitenge vikaendelea kuoza. Idhini ya pamoja ilipatikana wiki ya sita, na mnunuzi yuleyule akatoa milioni 40. Zile milioni 30 hazikumpotea mama. Ziliongezeka kwenye hasara ambayo A na B wenyewe waliilipa.

Masilahi ya nani, na fomu iliyojazwa vibaya

Kabla ya hesabu yoyote ya kugawana, kulikuwa na maswali mawili.

A ilidai kwamba yenyewe imelinda masilahi ya benki na B imelinda masilahi ya mwenye mali, kwa hiyo hapa hakuna bima mbili juu ya masilahi mamoja na hakuna cha kuchangia. Hoja hii si ya kupuuza. Uchangiaji unahitaji mikataba inayolinda mali ileile, dhidi ya janga lilelile, kwa masilahi yaleyale, na yote iwe hai siku ya hasara. Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa hati ya A yenyewe. Jina la mwenye bima lilikuwa la mama. Benki ilitajwa kama mpokeaji wa kwanza wa malipo, na hilo halimgeuzi mpokeaji kuwa mwenye bima. Hoja ikaisha.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi. Fomu ya maombi ya B iliuliza kama mali ina bima nyingine, na jibu lililowekwa alama lilikuwa "Hapana". Mama alisaini ukurasa wa mwisho, wakala ndiye aliyejaza zilizotangulia. B ilifikiria kuukana mkataba mzima kwa kufichwa ukweli.

Kilichomuokoa mama ni picha. Kabla ya kutoa mkataba, B ilikuwa imemtuma mkaguzi wake ghalani, na kwenye faili la ukaguzi kulikuwa na picha ya mlango wa ghala. Juu ya mlango kulikuwa na kibao cha bati, maandishi mekundu, kinachosema stoku iliyomo ni dhamana ya benki. Kampuni ya bima inayojua kuna dhamana ya benki inajua pia kuna uwezekano mkubwa wa bima ya benki, na haikuuliza. Tuliiweka picha hiyo mezani, na B ikaacha hoja ya kuukana mkataba. Kama kibao kile kisingekuwepo, au mkaguzi angepiga picha upande mwingine, naamini kisa hiki kingeishia mahakamani.

Hesabu mbili

Hapo sasa ukaja ubishi wenyewe. Hasara ni milioni 500. Nani alipe ngapi?

B ilishika njia ya vima vya bima. A ina 600, B ina 400, jumla 1,000. Kwa hiyo A ibebe asilimia 60, yaani milioni 300, na B asilimia 40, yaani milioni 200. Inavutia kwa wepesi wake.

A ilishika njia ya wajibu wa kila mmoja peke yake. Unauliza kila kampuni: kama wewe ndiye ungekuwa mtoa bima pekee, ungelipa kiasi gani? Kwa A jibu linapita kwenye kipengele cha uwiano: 600 kwa 1,250 ni asilimia 48, na asilimia 48 ya 500 ni milioni 240. Kwa B hakuna uwiano, na hasara imevuka kikomo, kwa hiyo ni milioni 400 kamili. Jumla ya wajibu ni 640, ambayo inazidi hasara, kwa hiyo kila mmoja anapunguziwa kwa uwiano wa 240 kwa 400, yaani tatu kwa tano. A milioni 187.5, B milioni 312.5.

B ilileta hoja nzuri. Njia ya wajibu wa kila mmoja inategemezwa kwenye kesi ya Uingereza ya Commercial Union dhidi ya Hayden ya mwaka 1977, na kesi hiyo ilihusu bima ya uwajibikaji, ile inayolipa madai ya watu wengine dhidi ya mwenye bima, wala haikuwa ya mali. Ni kweli. Mkataba mmoja ulikuwa na kikomo cha pauni 100,000 na mwingine pauni 10,000, na dai lilikuwa pauni 4,425.45. Mtoa bima mwenye kikomo kidogo alitaka alipe sehemu moja ya kumi na moja. Mahakama ya Rufani ikasema kila mmoja peke yake angelilipa dai zima, kwa hiyo wagawane nusu kwa nusu. Tena uamuzi wa 1977 hauifungi mahakama ya Tanzania; sheria ya kawaida ya Uingereza (common law, inayotokana na maamuzi ya majaji) tuliyoipokea ni ile ya kufikia tarehe 22 Julai 1920, na ya baadaye ni ya kushawishi tu.

Lakini hoja ya B ilivunjika mahali pengine. Njia ya vima vya bima inafaa pale mikataba inapofanana. Mmoja ukiwa na uwiano na mwingine hauna, desturi ya wakadiria wa mali nayo ni kurudi kwenye wajibu wa kila mmoja. Sababu inaonekana ukiendelea na hesabu ya B mpaka mwisho: A inaambiwa ilipe 300, lakini mkataba wake hauwezi kutoa zaidi ya 240. B inatoa 200. Jumla 440. Mama anabaki na pengo la milioni 60, ilhali amelipia bima ambazo kwa pamoja zinatosha na kuzidi. Njia ya kugawana mzigo kati ya watoa bima haiwezi kumtoa mteja fedha mfukoni. Nilipoandika mstari huo kwenye ripoti nilikuwa nimeshachelewa miezi kadhaa kuuandika.

Kampuni C

Katikati ya ubishi huo B ilitaka kumleta mchangiaji wa tatu. Mwenye ghala alikuwa na bima yake kwa Kampuni C, inayolinda uwajibikaji wake kwa mali za wapangaji. Mali ileile, moto uleule. Kwa nini C isichangie?

Kwa sababu masilahi si yaleyale. Kesi ya mwaka 1877 kati ya North British and Mercantile na London, Liverpool and Globe inafanana na hili kwa karibu sana. Nafaka ya mfanyabiashara iliungua kwenye ghala la mtu kando ya mto Thames. Mwenye nafaka alikuwa na bima yake na mwenye ghala alikuwa na yake. Mahakama ilikataa uchangiaji: mmoja alijilinda kama mwenye mali, mwingine kama mtu anayewajibika kwa mali ya mwenzake.

Mlango sahihi wa kumfikia C ulikuwa mwingine. A na B wakishamlipa mama, wanavaa viatu vyake na kumdai mwenye ghala kwa nyaya zake mbovu, naye anakimbilia C. Tofauti si ya maneno tu. Kwa uchangiaji, C angeingia kwenye foleni ya kabla ya mama kulipwa, na foleni ingerefuka. Kwa njia hii ya pili, mama analipwa kwanza. Nilishauri hivyo kwa maandishi na kampuni zote mbili zikakubali.

Matokeo

Mwezi wa tatu A na B walitoa malipo ya awali ya milioni 75 kila mmoja, bila kuathiri haki zao. Fungu la A lilikwenda benki moja kwa moja. Mwezi wa saba walikubaliana kwa njia ya wajibu wa kila mmoja: A milioni 187.5, B milioni 312.5. Mama akapata hasara yake yote. Msimu wa Idi ulikuwa umeshapita bila mzigo dukani, na riba ya mkopo ilikuwa imeendelea kuhesabiwa. Hayo hakuna bima kati ya zile mbili iliyoyagusa.

Mwaka uliofuata C ililipa milioni 160 kumaliza dai dhidi ya mwenye ghala. Zikagawanywa tatu kwa tano vilevile: A 60, B 100. Mgawo wa kurudishiwa unafuata mgawo wa kulipa, na kwa bahati nzuri hapo hakuna aliyebisha.

Uchambuzi

Yapo yaliyokwenda vizuri: kuijenga stoku kwa nyaraka za forodha na risiti za EFD, kumtoa C kwenye foleni, na ile picha ya mlango. Hata timu mbili za wakadiria, baada ya mwezi wa kupoteza nguvu, zilikaa pamoja na kutoa hesabu moja ambayo haikupingwa tena.

Kosa kubwa ninalolirudia kichwani ni letu, na ni la hesabu nyepesi kabisa. Angalia tena misimamo miwili. Katika njia zote mbili, A haishuki chini ya 187.5. Katika njia zote mbili, B haishuki chini ya 200. Kwa hiyo milioni 387.5 hazikuwa na ubishi wowote tangu siku hasara ilipojulikana. Ubishi mzima ulikuwa wa milioni 112.5, nazo ni kati ya kampuni na kampuni. Lakini kwa sababu mazungumzo yaliendeshwa kama swali moja, "nani alipe ngapi", milioni 500 zote zilikaa zikisubiri, tukatoa 150 tu na kujiona tumefanya jambo. Ripoti yangu ya kwanza ilipaswa kuwa na jedwali la mistari mitatu: A si chini ya hiki, B si chini ya hiki, kinachobishaniwa ni hiki. Sasa ninaliweka kwenye kila faili lenye bima zaidi ya moja, ukurasa wa kwanza, kabla ya maelezo ya moto.

Na zile milioni 112.5 nazo zingeweza kulipwa. Kampuni mbili zinaweza kuandikiana kwamba kila moja inatoa sehemu kwa sasa na kurekebishana ubishi ukiisha. Njia hii nimeiona ikifanya kazi kwingine, na tulikuwa na nafasi ya kuipendekeza mwezi wa pili.

Kuhusu mabaki, hofu ya A kwamba kugusa vitenge vilivyoloa ni kukubali madai ilitibika kwa sentensi moja kwenye idhini: uuzaji huu hauathiri haki ya upande wowote, na fedha zitunzwe mpaka mgawo ujulikane. Tuliiandika wiki ya sita. Ilikuwa ya kuandikwa siku ya tano, na kwa kuwa A haikuwa bado na taarifa, mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza mama mapema kama kuna benki nyuma ya mzigo ule. Kibao kilikuwa juu ya mlango nilioupita kila asubuhi.

Benki nayo ilikuwa na sehemu yake. Ilimkatia mteja bima ya kiasi cha mkopo, haikumpa nakala ya hati, na haikutoa taarifa kwa siku 19. Mama hakuwahi kuiona hati ya A mpaka mimi nilipomwonyesha.

Mkataba mpya

Bima zilipofika mwisho, mama alikata mkataba mmoja tu wa milioni 1,300 kwa mpango wa bima ya pamoja. A ndiyo kiongozi kwa asilimia 60, B ina 40, na benki imetajwa. Mgawo sasa umeandikwa kabla ya moto wowote, mkadiria ni mmoja, na taarifa inatolewa kwa kiongozi pekee. Alipouliza kama sasa akilipwa na A basi amemalizana na wote, nilimjibu hapana: kila kampuni inawajibika kwa asilimia zake tu, na moja ikishindwa kulipa nyingine haizibi pengo lake. "Kwa hiyo bado niwe na namba za wote wawili," akasema, akaniomba nimwandikie nyuma ya kadi yangu.